Mtoto Wetu Ana Kifua

Wazazi wenzetu, mtu akituuliza habari za mtoto wetu wa tatu, twampa jibu ambalo kila mkaaji wa Lubumbashi amekwisha kulisikia: «Hajambo, ila ana kifua.» Barabarani jibu hilo latosha. Mwenye kuuliza hutikisa kichwa, husema pole, huendelea na safari yake. Nyumbani halitoshi, kwa kuwa neno hilo moja limebebeshwa mizigo kupita nguvu zake. Mzee akohoaye damu ana kifua. Mtoto ambaye mapafu yake yameshikwa na nimonia ana kifua. Mwenye mafua ya siku tatu, naye ana kifua. Na huyu wetu, ambaye leo anapiga kelele uani na kesho usiku anaitafuta hewa kama mtu aliyezama majini, naye pia ana kifua tu. Jina likiwa moja, watu hudhani dawa nayo ni moja.

Twaandika haya sisi wawili, baba na mama yake, mezani pamoja, mmoja akisema na mwingine akishika kalamu. Jina la mtoto hatulitaji. Ana miaka minne na nusu, karibu atajua kusoma, na hatupendi ajikute katika gazeti akiwa mgonjwa.

Alishikwa mara ya kwanza akiwa na miezi 14, katika mwezi wa saba. Mji wetu umejengwa juu, mita 1200 na zaidi, na usiku wa Juni na Julai baridi yake huwashangaza wageni waliodhani kwamba Kongo yote ni joto. Dada yake alileta mafua kutoka shuleni. Siku mbili baadaye mdogo naye alikuwa na mafua, na usiku wa tatu tukasikia kifuani mwake mluzi mwembamba, kama upepo upitao katika tundu la mlango. Tumbo lilipanda na kushuka upesi, na matundu ya pua yalifunguka kila alipovuta pumzi. Kulipopambazuka tulikwenda dispensari. Akapigwa sindano, akapewa dawa ya maji, na baada ya siku tano akawa mzima kabisa. Tulimshukuru Mungu, tukaiweka karatasi ya dispensari katika bati la maziwa ya unga, tukafunga kifuniko. Mwezi wa Novemba, pamoja na mvua za kwanza, mluzi ukarudi. Ukarudi tena Februari. Mtoto alipotimiza miaka miwili na nusu, bati lilikuwa na karatasi tisa.

Karatasi moja ilisema nimonia. Mbili zilisema malaria. Nne zilisema bronkiti, na mbili za mwisho kikohozi, basi. Kila karatasi ilieleza habari za siku yake, wala hakuna iliyomjua mwenzake. Hatumlaumu mtu. Muuguzi mwenye watu sitini barazani humtazama mtoto aliye mbele yake. Hana nafasi ya kumtafuta yule wa mwaka jana.

Mwishowe tulipelekwa kwa daktari mmoja wa watoto, mama wa makamo, mtulivu, asiyependa maneno mengi. Kabla ya kumgusa mtoto alituuliza maswali ambayo hatukuyatazamia. Je, mara ya kwanza alianza kukohoa ghafla, akiwa anakula karanga au anachezea kitu kidogo? Maana kitu kilichoingia njia ya hewa chaweza kukaa humo miezi mingi na kumfanya mtoto apige mluzi. Je, nyumbani yuko mtu akohoaye zaidi ya majuma mawili? Hapo alifikiri kifua kikuu. Damu yake imepimwa ugonjwa wa selimundu? Anaongezeka uzito? Na katika ukoo, yuko mwenye pumu, au mwenye ngozi ya kuwasha tangu utoto? Kwa swali la mwisho tulitazamana. Mjomba mmoja alikuwa na pumu, na mmoja wetu alijikuna mikono na magoti mpaka umri wa kwenda shule.

Ndipo akachukua chombo chake cha kusikilizia, akasikiliza mgongoni na mbele, taratibu. (Chombo hicho, wasomaji, kilianza na Mfaransa Laennec mwaka 1816, naye siku ya kwanza alitumia karatasi iliyoviringishwa tu. Aliyetufundisha kusikia vifua vya wengine alikufa mwaka 1826 kwa kifua kikuu.) Kisha akamwaga karatasi zetu tisa mezani na kuzipanga kwa tarehe. Tano zilikuwa za miezi ya kiangazi. Saba zilianza kwa mafua. Akasema: «Baba, mama, haya si magonjwa tisa. Ni ugonjwa mmoja uliokuja mara tisa.»

Akatuchorea. Mapafu ni kama mti uliopinduliwa: shina ni koromeo la hewa, matawi hugawanyika na kugawanyika, mpaka vitawi vyembamba kuliko majani ya mswaki. Kwa mtoto mdogo vitawi hivyo ni vyembamba mno. Mafua, au moshi, au vumbi, au baridi ya ghafla ikivigusa, mambo matatu hutokea pamoja: nyama izungukayo mirija hujikaza, ngozi ya ndani huvimba, na makohozi mazito hujaa. Hewa huingia kwa shida na kutoka kwa shida kubwa zaidi, na kule kutoka ndiko kunakopiga mluzi. Akatuonya pia tusilipokee neno pumu kama hukumu ya mwisho. Watoto wengi wadogo hupiga mluzi kwa mafua peke yake, na wengi wao huacha wakikua. Wengine ndio wenye pumu kweli. Mtoto wa umri ule hawezi kupuliza vizuri katika mashine ya kupimia pumzi, kama afanyavyo mtu mkubwa. «Basi,» akasema, «tutamtunza kama mwenye pumu, tutampa dawa miezi mitatu, na mwili wake ndio utakaotujibu.»

Lakini neno lililotugusa kuliko yote alilisema akiwa amekwisha kuandika. Alisema ya kuwa kwa mwenye pumu ule uvimbe wa ndani hauondoki wote mluzi unapokwisha. Siku anayocheza mpira, siku anayokula na kucheka, bado umo, kidogo, kama kaa la moto chini ya majivu. Kwa hiyo kazi kubwa ya wazazi ni ya siku zile ambazo mtoto haugui. Tulirudi nyumbani kwa miguu, bila kusemezana, na mtoto alikuwa mbele yetu akirukaruka juu ya vidimbwi vya maji.

Wakati ule nkambo alikuwa amekuja kutoka Kasenga, kando ya mto Luapula, kututembelea. Ni mama mzaa baba, amelea watoto saba, na katika nyumba yetu hakuna mtu asemaye kabla yake. Alisikiliza habari za daktari mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akasema: «Wanangu, nimeangalia kinywani mwa mtoto. Kilimi chake ni kirefu, kinamkuna kooni, ndiyo sababu anakohoa. Yuko mzee ajuaye kukata. Ni kazi ya dakika moja.»

Wenye kufahamu desturi zetu wanajua kwamba mkwe hawezi kumjibu mama mkwe kwa jambo kama hilo. Mwanawe ndiye aliyejibu, akiwa ameketi chini kuliko yeye. «Mama, tumesikia, na tunashukuru kwa kuwa wampenda mtoto. Lakini ugonjwa huu hauko kooni, uko chini kabisa, katika mirija ya mapafu. Kilimi hakiufikii. Na kidonda cha koo hakifungwi kitambaa: damu yaweza kutoka usiku kucha mtoto akiimeza, au uchafu wa kisu ukamletea pepopunda.» Nkambo akajibu: «Mimi nilikatwa, na ndugu zangu walikatwa, na mimi huyu hapa.» Hakusema kwa hasira. Tukaacha maneno hapo, kwa maana mkubwa hashindwi mbele ya watoto.

Siku ya tatu, akichambua maharagwe uani, alisema mwenyewe, bila kuulizwa na mtu, kwamba walikatwa watatu siku moja, na waliokua ni wawili. Akaendelea na maharagwe yake. Habari ya kilimi haikutajwa tena katika nyumba yetu. Twaamini kwamba wengi waliokatwa wakapona walipona kikohozi ambacho kingekwisha chenyewe kwa juma moja, na kisu kikapewa sifa isiyo yake.

Sasa twende kwenye dawa. Zetu ni mbili, zote katika vichupa vidogo vya kupuliza. Ya kwanza, salbutamoli, hulegeza ile nyama iliyojikaza. Hufanya kazi kwa dakika chache, na ni ya wakati wa shida. Ya pili hutuliza uvimbe, pole pole. Ni ya kila siku, asubuhi na jioni, na mtu asiyejua atasema haifanyi kitu. Watu wengi huziogopa dawa za kupuliza kuliko sindano, kana kwamba ni za mtu anayekaribia kufa. Kumbe kichupa hicho kilianza kwa swali la mtoto. Mwaka 1955, huko Marekani, msichana wa miaka 13 mwenye pumu alimwuliza baba yake kwa nini dawa yake isitiwe katika kopo la kupuliza, kama manukato ya kunyunyizia nywele. Baba huyo, George Maison, alikuwa mkuu wa nyumba ya dawa iitwayo Riker, na mwaka 1956 kichupa cha kwanza kikatoka. Tungependa kuwajulisha hayo akina baba wote ambao huona maswali ya watoto mezani kuwa kelele.

Lakini mtoto wa miaka miwili na nusu hawezi kuvuta pumzi saa ile ile dawa inapopulizwa. Yote humwishia kinywani. Yahitajika chumba kidogo kati ya kichupa na uso wake, dawa ingoje humo naye aivute taratibu. Katika maduka ya dawa vyombo vya namna hiyo vipo, kwa bei yake. Daktari alitutengenezea chetu kwa chupa tupu ya plastiki, ya maji, ya nusu lita. Alitoboa kitako chake tundu la kadiri ya mdomo wa kichupa cha dawa, kiingie kwa kubana. Akakata na kutupa robo ya juu yenye shingo, akachonga pembe ndogo ukingoni mahali pa pua, akapitisha ukingo juu ya moto kidogo ili usimkate mtoto. Upande mpana hukaa usoni, pua na mdomo vikiwa ndani. Puliza mara moja, mtoto apumue mara tatu hadi tano, uondoe. Chupa huoshwa kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke yenyewe bila kupanguswa, kwa sababu plastiki iliyosuguliwa huivuta dawa ikagandamana na kuta. Tulidhani mwanzoni kwamba ni dawa ya maskini, iliyobuniwa kwa kutuhurumia. La. Mwaka 1999, huko Cape Town, daktari Heather Zar na wenzake waliwajaribu watoto wenye pumu: chupa ya nusu lita iliyotobolewa na kuzibwa vizuri kuzunguka kichupa cha dawa ilifungua vifua vyao sawasawa na chombo cha dukani.

Na sasa tufike kwenye lile lililotugombanisha sisi wawili, kwa maana ndoa si mahubiri, kuna na hesabu. Dawa ya salbutamoli haikutugombanisha: mtoto akitweta, nani atauliza bei? Ni hii ya kila siku. Kununua dawa ya mtoto anayekimbia, mwezi huu, na mwezi ujao, na ule unaofuata, huku ada za shule za wakubwa wawili hazijalipwa! Mmoja wetu alisema: tungoje augue. Mwingine alisema: tukingoja tumelipa mara mbili. Jioni tatu zilipita hivyo. Kisha tukachukua daftari, tukaandika mwaka uliopita: pikipiki za usiku, sindano, vitanda, siku za kazi zilizokatwa katika mshahara, kuku waliouzwa. Jumla ilipita mishahara miwili. Dawa ya kila siku kwa mwaka mzima haikufika hapo. Hatuwaambii kwamba baada ya hesabu hiyo fedha zilishuka kutoka mbinguni. Tuliacha kununua nguo za Krismasi, tukauza redio kubwa. Lakini ugomvi ulikwisha.

Kulikuwa na hofu nyingine. Majirani walisema dawa hizo humzoesha mtoto, asiweze tena kuishi bila hizo. Tulimwuliza daktari, akajibu kwamba mtu hazoei dawa hii kama azoeavyo pombe. Ugonjwa ukiendelea huhitaji dawa iendelee, ndiyo habari yote. Hakutuficha lakini kwamba dawa ya uvimbe yaweza kupunguza kidogo urefu wa mtoto, karibu sentimita 1, na kwamba yafaa kumpangusa uso na kumpa maji kinywani kila mara baada ya kuivuta, asije akapata utando mweupe ulimini. Tangu siku ile twampima kwenye mwimo wa mlango kila baada ya miezi mitatu, kwa mkaa. Alama zinapanda.

Nkambo, aliyeongeza muda wa matembezi yake kutoka mwezi mmoja hadi minane, ndiye aliyekuwa mlinzi wa chupa. Mikono yetu ilimtia mtoto hofu, alilia na kugeuza uso, na mtoto aliaye haipati dawa. Yeye alimketisha mapajani, akamhesabia pumzi kwa Kibemba, kwa sauti ya mtu asiye na haraka, na mtoto akanyamaza ili asikie hesabu. Jirani mmoja alipomwuliza kwa mzaha tangu lini amekuwa sista wa hospitali, alijibu kwamba masista walianza kwa kutazama.

Kulikuwa na nyumba pia. Kwetu Katuba, kama kwa wengi, twapika kwa makala juu ya mbabula, maana umeme huja na kwenda upendavyo. Mbabula yetu ilikuwa barazani, na jioni za baridi iliingizwa ndani ili watoto waote. Imetoka, haingii tena. Makala hayatoi moshi mwingi kama kuni, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa sababu hewa ya sumu itokayo humo haina harufu wala rangi. Watu wanaofunga mlango na kulala na mbabula wakati wa baridi huweza wasiamke, hata wenye mapafu ya chuma. Shirika la Afya Ulimwenguni, lile tuliitalo OMS, limekadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majiko ya nyumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na kati yao watoto zaidi ya 237,000 hawajatimiza miaka 5. Tumeacha kuwasha ile dawa ya mbu ya mviringo ifukayo usiku kucha; chandarua kinatosha na hakifuki. Twanyunyiza maji kabla ya kufagia. Blanketi na mito huwekwa juani Jumamosi. Manukato ya mama, ambayo baba aliyapenda, yamebaki katika sanduku.

Watu hutuuliza kama ni lile bomba kubwa la kiwanda, linaloonekana kutoka kila upande wa mji, lililomharibu mtoto. Shaba imeyeyushwa katika mji huu tangu mwaka 1911, na vumbi la barabara zetu si unga wa ngano. Sisi twajua mafua na moshi wa jikoni, ambavyo twaweza kuvifanyia kitu, na huko ndiko tulikotia nguvu. Kwenye sikukuu kubwa, ubani unapowaka kanisani, twaketi kwenye benchi la mwisho karibu na mlango. Mwanzoni waumini wengine walidhani tumepata adhabu fulani. Padri wetu alipoambiwa sababu alicheka, na sasa mwenye chetezo haji upande wetu.

Baada ya mambo hayo yote mtu angetazamia kwamba mtoto hakushikwa tena. Alishikwa. Miezi mitano ilipita bila karatasi mpya katika bati, kisha mwezi wa nane, alipokuwa na miaka mitatu, mafua yaliingia nyumbani na usiku wa pili akaamka akitweta. Daktari alikuwa ametufundisha kuhesabu: mtoto awe ametulia, halii, hanyonyi, tazama tumbo lake dakika nzima kwa saa. Kwa mtoto wa miezi 2 mpaka mwaka 1, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za upesi mno. Kwa wa mwaka 1 mpaka 5, pumzi 40. Tulihesabu 58. Tukampa salbutamoli kwa chupa, tukangoja dakika 20, tukahesabu 56. Tukampa tena. Baada ya mara ya tatu tulimvua shati chini ya taa: nyama iliyo chini ya mbavu ilikuwa ikizama ndani kila alipovuta hewa. Tulimpa maji, akakisukuma kikombe. Alitaka kumwita nkambo, na jina likatoka nusu tu. Alama hizo hazingoji asubuhi. Jirani mwenye gari alifungua mlango wake kwa bisho moja, akatoka bila viatu.

Hospitalini, ambayo hatutaitaja, mezani waliomba kwanza fedha ya kuwekwa. Hatukuwa na ya kutosha, na jirani akaweka saa yake ya mkononi mbele ya karani. Kisha mambo yakaenda mbio: kifaa kidogo cha kubana kidoleni kilionyesha 86, wakati daktari alitaka 90 na zaidi, wakamwekea mirija ya oksijeni puani, wakampulizia dawa tena na tena, wakampa na nyingine ya kunywa ya kutuliza uvimbe. Mmoja wetu alikaa naye. Mwingine alikuwa nje chini ya mwembe na rozari, na ashuhudia kwamba hakufika fumbo la tatu bila kupotea. Saa kumi na moja alfajiri mtoto alifungua macho, akatazama mirija kwa chuki, akaomba mkate.

Kuna mmoja ambaye sisi wazazi tulikuwa karibu kumsahau. Dada yake, mwenye miaka minane, alikuwa amelala kwa jirani usiku ule. Tuliporudi hakumkaribia mdogo wake. Jioni alituuliza, akitazama sakafu, kama ni yeye aliyetaka kumwua, kwa sababu mafua yalitoka kwake. Tulimweleza ya kuwa mafua hayana mwenyewe, yanapita kwa watoto wote wa mji, na ya kuwa pumu yenyewe haiambukizi, haihami kutoka kifua hadi kifua. Hakuamini kwa maneno. Ndipo tukampa kazi ya kuosha chupa kila Jumapili na kuosha mikono yake kwa sabuni atokapo shuleni, na hiyo ameishika kwa ukali, hata baba anarudishwa mlangoni.

Tangu usiku ule mtoto ameshikwa mara mbili, zote nyepesi, zikaishia nyumbani. Mwaka huu ameanza shule ya watoto wadogo. Mwalimu wake aliogopa, akauliza kama si vizuri akae darasani wenzake wakicheza. Tulimpelekea chupa ya pili, kichupa cha dawa na karatasi moja ya maelezo kwa maandishi makubwa. Tukamwomba amwache akimbie, ila tu asiwe karibu mahali panapochomwa takataka. Juma lililopita alituletea habari kwamba mtoto, katikati ya mchezo, alitoka mwenyewe, akaketi kivulini, akaweka mkono tumboni na kuhesabu kwa sauti. Alihesabu kwa Kibemba mpaka sita, kwa maana nkambo alirudi Kasenga kabla hajamfundisha saba, kisha akaanza tena moja. Alipochoka kuhesabu akarudi uwanjani. Mwezi wa tisa, kiangazi kikikaribia kwisha, daktari atamwona na kutazama kama dawa ya kila siku yaweza kupunguzwa.